Pacha wa Ulimi Mmoja

Hakutoa.

Mlionipigia simu wiki nzima mkitaka kujua kama yule mgonjwa alitoa ulimi au hakutoa, jibu ndilo hilo. Alifungua mdomo mbele ya mashine, akaonyesha meno, kisha akaufunga kama mtoto anayekataa dawa.

Kwa aliyelikosa gazeti lililopita, nasema haraka haraka maana ukurasa ni mmoja na mambo ni mengi. Tangi la magadi lilipasuka kwenye kiwanda cha sabuni, moto ukazuka. Watu wawili walitolewa ndani. Mmoja alikuwa amekufa, hatambuliki. Mwingine alikuwa hai, lakini uso na mikono vimeungua na koo limejaa moshi.

Mama mmoja akaja mbio, akasema wote ni wanawe. Ni pacha, ambao tangu utotoni aliwaita Tangulia na Fuata kwa jinsi walivyotoka tumboni. Tangulia ndiye mfanyakazi wa kiwanda. Fuata, kwa maneno ya mama, alikuwa amepita geti la magari kumpelekea ndugu yake chakula. Aliyekufa akazikwa kwa jina la Fuata. Aliye hai akapelekwa nyumbani kwa mke wa Tangulia, mshonaji wa sare za shule, naye akampokea kama mume.

Meneja hakuridhika. Kama huyu ni Tangulia, kiwanda kitamtibu mpaka mikono ipone. Kama ni Fuata, basi ni mtu aliyeingia bila ruhusa, na atajibu mbele ya polisi kwa nini tangi lilipasuka. Daktari alisema damu haisaidii, pacha hawa wanafanana hadi kwenye damu. Vidole vimeungua. Sura haipo.

Kilichobaki ni ulimi.

"Toa ulimi," alirudia msimamizi wa mashine, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Wafanyakazi walimwita Bwana Aaa, kwa sababu kila asubuhi aliwaambia waseme "aaa" kabla hawajaruhusiwa kuingia. Kiwanda kilileta mashine ile baada ya ile ya vidole kushindwa kazi. Magadi yalikuwa yamekula ngozi ya vidole vya watu mpaka vikawa laini kama sahani. Basi ikawa kila alfajiri wanaume na wanawake wazima wanapanga mstari getini, wanamtolea meneja ulimi, na hakuna anayefukuzwa kazi.

Mgonjwa akatikisa kichwa.

"Anaogopa nini?" meneja aliuliza. "Mtu asiye na la kuficha anatoa ulimi, mambo yanakwisha, sote tunaenda zetu."

Mshonaji alisogea karibu na mgonjwa. Alikuwa amemuuguza mtu huyu tangu atoke hospitali, na mashaka yalikuwa yakimtafuna kila siku. Kwa nini alikataa kulala kitandani, akang'ang'ania godoro la sebuleni? Kwa nini hamtazami usoni? Alijiambia ni maumivu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi neno.

"Baba," alimwambia kwa sauti ndogo, "toa tu. Nataka nijue."

Mgonjwa akainamisha kichwa.

Mama mkwe ndiye aliyesimama. Tangu mwanzo yeye ndiye aliyetaka kipimo hiki, akamfuata meneja ofisini mara kwa mara mpaka akakubali. Alimshika mgonjwa kidevu pale palipokuwa hapajaungua.

"Mimi ndiye niliyekuzaa," alisema. "Toa ulimi, mwanangu."

Wakatazamana. Machozi yalimtoka mgonjwa yakaingia kwenye bendeji. Kisha akafungua mdomo, na ulimi ukatoka.

Mashine ikapiga picha. Ikafikiri.

Ikawaka taa nyekundu!

"Nilijua!" Meneja alipiga meza. "Askari! Ingia! Huyu siye!"

Askari alikuwa nje ya mlango, akisubiri neno hilo tu. Aliingia akamkamata mgonjwa mkono. Mgonjwa akatoa sauti ya kukwaruza iliyomfanya hata meneja ageuke pembeni.

"Usimshike hapo!" mshonaji alipiga kelele. "Ana kidonda! Huna macho?"

"Mama, tulia. Huyu si mume wako."

"Ngojeni kwanza," alisema Bwana Aaa.

"Tungoje nini? Taa si umeiona?"

"Taa nimeiona. Ulimi nao nimeuona, una utando mweupe. Ni zile dawa za hospitali. Mashine imesoma dawa, haijasoma ulimi."

Bwana Aaa alichovya kitambaa safi kwenye maji ya vuguvugu. Akaufuta ulimi wa mgonjwa polepole, kuanzia nyuma kuja mbele, huku akieleza kama mtu anayezungumzia gari lake.

"Rangi mimi siifuati. Leo umekunywa chai, kesho umekula zambarau, rangi inabadilika. Mashine inatazama hii mifereji ya katikati na jinsi inavyogawanyika. Halafu hizi kingo, mnaona zilivyo na mikunjo mikunjo? Ni meno yanavyozibana. Na ncha, kuna ya mviringo na kuna iliyochongoka. Moto haukufika humu ndani kwa sababu alifunga mdomo."

"Hata pacha wanatofautiana?" mshonaji aliuliza.

"Sura wanaweza kuazimana, dada. Ulimi kila mtu na wake. Haya, sema aaa."

"Aaa," mgonjwa alikwaruza.

Picha ya pili. Mshonaji aliuma kidole.

Taa ya kijani! Na kwenye kioo likatokea jina la Tangulia, na picha yake ya zamani, uso mzima, akitabasamu upande mmoja kama kawaida yake.

Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka walinzi wakachungulia dirishani. Mshonaji alikaa chini sakafuni akalia bila aibu. Ni mume wake! Mashaka yote yale, kumbe alikuwa akimshuku mume wake mwenyewe na vidonda vyake. Aliona haya kumtazama.

Askari aliachia mkono taratibu, akajifanya anatafuta kofia yake.

"Hongera, mama," alisema meneja, uso umemshuka. "Kesho wakubwa wa kiwanda watakuja nyumbani kwako. Wanataka kusikia kwa kinywa chako, wewe kama mke, kwamba huyu ni mume wako. Ukishasema hivyo tu, matibabu yanaendelea mpaka mwisho."

"Nitasema hata sasa hivi!"

"Kesho inatosha."

Hapa ndipo ningeweza kumaliza hadithi, watu wakala wakalala. Lakini Bwana Aaa alikuwa na maneno mengi, na kwenye hadithi yangu mtu wa maneno mengi haachi kuleta balaa.

Aliwasindikiza hadi kwenye gari la kiwanda. Mgonjwa alikuwa ameshapandishwa, na mama mkwe anamfunga mkanda. Bwana Aaa akabaki nyuma na mshonaji.

"Mimi moyoni nilijua ni yeye," alisema akicheka. "Ule ulimi ndio niliousajili wa kwanza kabisa siku mashine ilipoletwa. Nilikuwa bado natetemeka, sijaizoea mashine. Halafu mvua ile! Unaikumbuka? Ile iliyoangusha ukuta wa stoo?"

Mshonaji aliacha kufuta machozi.

"Mvua ya ukuta wa stoo?"

"Hiyo hiyo. Watu wamelowa chapachapa, ndimi zinatetemeka kwa baridi. Lakini ilikuwa lazima wasajiliwe wote siku ile ile. Amri ya wakubwa, asiyetokea hana kazi. Mumeo alifika kabla hata ya mimi."

"Ulimwona mwenyewe?"

"Dada, nimemshika kidevu kwa mkono huu."

Mshonaji aliingia kwenye gari bila kuaga. Mama mkwe alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Gari likaondoka, na mshonaji akabaki anatazama mikono yake mapajani.

Siku ya mvua ile aliijua kuliko Bwana Aaa. Ndiyo siku aliyojifungua binti yake. Maji yalikuwa yakivuja wodini, wauguzi wanasukuma vitanda kuvitoa chini ya matone. Na Tangulia alikuwa pale. Alimshika mkono tangu alfajiri mpaka mtoto alipolia jioni, hakwenda hata msalani bila kumwomba ruhusa. Kwa siku ile peke yake alikuwa amemsamehe mume wake makosa mengi.

Sasa kama Tangulia alikuwa wodini, ni nani aliyemtolea Bwana Aaa ulimi?

Alikuwa mmoja tu mwingine mwenye uso ule.

Mashine haikukosea, ulimi ule ulikuwa ndio wenyewe. Jina ndilo lililokuwa la mtu mwingine. Aliyekaa kiti cha nyuma, bega kwa bega naye, alikuwa Fuata, shemeji yake. Na Tangulia ndiye aliyekuwa kaburini.

Alikumbuka msiba. Alikuwa amemlilia mume wake kama shemeji! Alilia kidogo, kwa adabu, kisha akaingia jikoni kuwapikia waombolezaji na kuuliza nani hajapata chai. Hakukaa matanga. Hata udongo hakutupa, maana alikuwa na haraka ya kurudi hospitali kwa huyu.

Nyumbani hakusema kitu. Mama mkwe alitoka kwenda kumchukua mtoto kwa jirani. Mshonaji akapasha maziwa, akaketi kwenye kigoda kando ya godoro la sebuleni, nyuma yake rundo la sare za shule zinazosubiri vifungo. Akaanza kumnywesha mgonjwa kwa kijiko, kama kila siku.

Alikuwa amepanga kuuliza kwa utaratibu. Lakini hasira ilimzidi, na kijiko cha tatu kikamwagika shingoni, juu ya kidonda.

"Taratibu, shemeji!"

Maziwa yaliendelea kudondoka kwenye shuka na hakuna aliyeyafuta. Shemeji ni neno la watu wengi, msomaji. Rafiki wa mume atakuita hivyo, na muuza duka akitaka ununue. Mume ndiye mtu pekee asiyeweza kukuita hivyo hata akiwa usingizini.

"Umeniitaje?" mshonaji aliuliza.

Mgonjwa alifumba macho.

"Nimekuuliza, Fuata. Umeniitaje?"

Aliposikia jina lake, mabega yalimshuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nisamehe," alinong'ona. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini maneno yalisikika. "Nimejizuia siku zote, na kule kwenye mashine nilikataa kwa sababu sikutaka ulimi wangu ukudanganye. Leo ulimi umeniponyoka."

"Mume wangu yuko ardhini, na wewe unakunywa maziwa yangu! Unanitazama nikikuosha, nikikuita baba, na unanyamaza! Mimi ni mjane, Fuata! Ni mjane na sijui!"

"Usimlilie."

"Ati nini?"

"Nasema usimlilie, shemeji. Kaa chini nikueleze."

"Sikai!"

"Basi simama, lakini sikiliza." Alimeza mate kwa shida. "Usiku wa kuamkia siku ile ya mvua alinifuata. Akaniambia, mke wangu ana uchungu, siwezi kumwacha, nenda ukanitolee ulimi. Tukacheka. Tulikuwa tunabadilishana tangu shule, hata viboko vyake nimevila mimi. Tukadhani kesho yake ataingia mwenyewe kama kawaida."

"Halafu?"

"Kesho yake mashine ikamkataa. Akaogopa kusema, maana angefukuzwa kwa udanganyifu. Akaja kwangu, akanivua shati, akanivalisha ovaroli lake. Nikaenda mimi."

"Siku hiyo."

"Siku hiyo na zote zilizofuata. Lile geti lilikuwa halimfungukii tena, shemeji. Tangu mtoto azaliwe, mumeo hajakanyaga kiwandani."

Mshonaji alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya.

"Muongo wewe! Mume wangu alikuwa anaamka giza, namfungia chakula, anatoka. Kila siku ya Mungu!"

"Chakula nilikuwa nakila mimi. Tulikuwa tunakutana nyuma ya gereji ya matrekta. Ananipa ovaroli na chakula, anavaa nguo zake nzuri, kila mtu anashika njia yake."

"Alikuwa anarudi ananuka sabuni!"

"Nilikuwa namletea kipande. Alikuwa ananawa bombani kwangu kabla hajaja kwako."

Hapo mshonaji akakaa.

Akaiona mikono ya mume wake. Zamani ilikuwa laini ya kuteleza, haina hata mstari, mpaka alikuwa akishindwa kushika sindano amsaidie kuweka uzi. Kisha, baada ya mtoto kuzaliwa, mistari ikaanza kurudi vidoleni, na yeye akafurahi. Alimwambia, siku hizi wanawapa glavu nzuri, mikono yako imepona. Na Tangulia alimjibu ndiyo, wametupa glavu nzuri.

Akamtazama Fuata. Vidole vilivyochomoza kwenye bendeji vilikuwa vimeungua, lakini hata kabla ya moto, ndivyo vilivyoliwa na magadi kwa ajili ya nyumba yake.

"Siku ya tangi," alisema polepole. "Ndani mlikuwa wawili. Kama wewe ndiye uliyeingia kwa ulimi, na yeye geti halimfungukii..."

"Hakuwemo."

"Tumemzika nani?"

Fuata alianza kulia. "Kibarua. Aliletwa asubuhi ile kubeba magunia, wa siku moja tu, hata mashine hawakumpitisha. Alinipa maji kabla ya lile tangi kulia. Sijui jina lake. Mpaka leo hakuna mtu aliyekuja kumuulizia."

"Mungu wangu."

"Nilikuonya, Fuata, ufunge mdomo mpaka kesho!"

Sauti ilitoka mlangoni. Mama mkwe alikuwa amesimama pale, mjukuu wake amelala begani. Alimlaza mtoto juu ya rundo la sare, akafunga mlango na kuuegemea.

"Mama, ulijua?" mshonaji aliuliza.

"Nilijua."

"Ndiyo maana ulikuwa unataka kipimo."

"Nilijua ulimi ulio kwenye ile mashine ni wa nani. Mimi ni mama yao, wanaweza kumdanganya nani?" Aliugandamiza mlango kwa mgongo. "Ningefanyaje, mwanangu? Huyu ameungua akifanya kazi kwa jina la mwenzake. Ningesema ni Fuata, wangemtupa jela na vidonda vyake. Alikuwepo maiti asiye na mwenyewe. Nikasema ndiye. Mungu atanihukumu, lakini mtoto wangu atakuwa na mikono."

"Na yule mtoto wako mwingine?"

"Alikuja hospitali," alisema Fuata. "Amefunika uso kwa barakoa kama mgeni yeyote. Alilia sana, nisikufiche. Kisha akaniambia, kuwa mimi. Mimi nimeshachoka kuwa mimi."

Mshonaji alilirudia neno hilo kimoyomoyo. Alikuwa mjane kwa muda wa safari moja ya gari, na sasa alitamani angebaki hivyo. Mjane analia na watu wanamshika. Yeye atawaambia nini watu? Kwamba mume wake yuko hai, mzima wa afya, na yeye ameachiwa mtu badala yake kama mtu anavyomwachia jirani funguo?

Alisimama. Alichukua khanga kwenye msumari akajifunga kichwani.

"Kesho wakubwa wakija mnataka niseme huyu ni mume wangu."

"Tunakuomba," alisema mama mkwe.

"Nitasema. Nitaapa wakitaka. Huyu kijana hakunikosea kama alivyonikosea mwenye jina." Alimgeukia mama mkwe, akamsogelea mpaka wakawa uso kwa uso. "Lakini leo hii, jua halijazama, utanipeleka kwa Tangulia. Aniambie mwenyewe, kwa ulimi wake, kwamba ameniacha. Usiponipeleka, kesho nitawaambia yote, na la kibarua nalo nitalisema."

"Mwanangu, utaumia."

"Nipeleke."

"Mpeleke, mama," Fuata alinong'ona. "Ana haki."

Mama mkwe akauacha mlango. Alipozungumza hakumtazama mkwewe, alimtazama yule mtoto aliyelala juu ya sare.

"Haya, twende. Lakini huyu tumwache hapa. Akimwona atamkimbilia amwite baba, na kule wapo watoto wawili wanaomwita hivyo hivyo."